Mambo ya Kuombea

Nimepona kiasi cha kukasirika. Naanza hapo kwa sababu kwa miezi mingi sikuweza. Mtu angenikanyaga mguu, nami ningemwomba radhi. Siku nilipomwambia daktari wangu pale Kajiado kwamba nimeamka na hasira hata sijui niziweke wapi, alifunga faili akacheka. "Hiyo ni nzuri, mwalimu," akasema. "Tulikuwa tunaingojea." Basi wewe unayesoma haya saa nne asubuhi ukiwa bado kitandani, umevaa nguo za juzi, huku watu wakikwambia uombe na ujikaze, nakuandikia wewe kwanza. Walionikasirisha nawaandikia pia, maana najua watasoma.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya wasichana ya bweni, upande wa Kajiado. Kwetu ni magharibi, lakini huu ni mwaka wa kumi na moja tumepanga nyumba Kitengela, kwa sababu mume wangu Wafula anafanya kazi katika kiwanda cha saruji na hapo ndipo katikati yetu sote. Tuna watoto wawili. Mbali na vipindi vyangu, nilikuwa pia mkuu wa idara ya ushauri nasaha, na idara yenyewe ilikuwa mimi peke yangu. Sikuisomea kazi hiyo. Niliipata katika mkutano wa walimu, mwalimu mkuu alipouliza nani ataichukua, na sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Madam Nekesa ako na moyo wa huruma." Walimu wakapiga makofi. Hayo makofi ndiyo mafunzo niliyopewa.

Ofisi yangu ilikuwa stoo ya michezo. Kulikuwa na neti za voliboli, koni za kukimbilia, jezi zenye harufu ya mwaka jana, viti viwili na kabati moja la chuma. Lakini stoo hiyo ilikuwa na baraka yake. Msichana aliyetaka kuzungumza nami hakulazimika kumwambia mtu yeyote anaenda kushauriwa. Alisema anaenda kuchukua mpira. Aliingia, akakaa, akalia akitaka kulia, kisha akatoka amebeba mpira chini ya kwapa kama mchezaji. Kuna majuma timu ya voliboli ilikosa mpira hata wa mazoezi kwa sababu yote ilikuwa bwenini, chini ya vitanda vya wasichana ambao hawajawahi kucheza chochote. Mwalimu wa michezo alilalamika sana. Mimi nilimpa pole.

Nilichokosea ni daftari. Tuliambiwa wakaguzi wakija watataka ushahidi kwamba idara inafanya kazi, kwa hivyo kila mwanafunzi aandikwe: tarehe, jina, kidato, shida, hatua iliyochukuliwa. Nikanunua daftari kubwa la jalada jeusi nikaandika. Nililifungia kwenye kabati la chuma. Ufunguo wa kabati, kama funguo zote za shule, ulining'inia kwenye ubao wa chumba cha walimu, umewekwa kibandiko ili mtu asihangaike akiutafuta. Hiyo ndiyo kanuni ya shule. Mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye digrii, niliandika siri za watoto wa watu kwa mwandiko mzuri unaosomeka, nikaweka ufunguo wake ukutani. Sitaki mtu anitetee katika hilo.

Ugonjwa wenyewe ulianza kiangazi cha Januari, vumbi lilipokuwa linaingia hata kwenye sukari. Ulianzia mwilini. Viungo viliuma, hasa magoti na viganja. Nywele zilibaki kwenye kitana mafungu mafungu. Chakula kilikuwa na ladha ya karatasi. Nilikwenda zahanati moja mjini Kitengela, wakapima damu, wakasema ni brucella, ule ugonjwa wa maziwa yasiyochemshwa. Ukiishi Kajiado na unakunywa maziwa, kila uchovu ni brucella mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nikachomwa sindano asubuhi na jioni mpaka makalio yakashindwa kukalia kiti cha darasani, nikawa nafundisha nikiwa nimesimama vipindi vyote. Sindano zikaisha. Uchovu ukabaki. Wakapima tena, wakasema brucella imerudi, wakanianzishia duru ya pili.

Hapo ndipo wifi yangu Rose, dada yake Wafula, alipokuja kutusaidia. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumfukuza Mama Sein, mwanamke Mmaasai aliyekuwa akituletea maziwa kila asubuhi. "Wewe ndio unaua huyu mtu na hii maziwa yako," alimwambia pale langoni. Mama Sein alibeba maziwa yake akaenda. Kesho yake alikuja tena bila kibuyu wala dumu, akasimama nje ya dirisha langu na kunisalimu, "Takwenya." Jibu lake ni "Iko," neno dogo kuliko yote ninayoyajua, na kuna siku sikuweza kulitoa. Alisimama akingoja. Nikijibu, alienda zake. Nisipojibu, alikaa chini kwenye jiwe mpaka nijibu. Wakati huo sikuona maana yake. Sasa najua kwamba huyo ndiye mtu wa kwanza aliyenihudumia ipasavyo.

Mnamo Machi, mwishoni mwa muhula, nilikuwa nasahihisha insha katika chumba cha walimu. Kichwa cha insha kilikuwa kile ambacho kila mwalimu wa Kiswahili hukitoa akikosa kingine: Siku Ambayo Sitaisahau. Nilifungua ya kwanza baada ya chai. Kengele ya chakula cha mchana ilinikuta kwenye ukurasa uleule, kalamu nyekundu mkononi, sijaweka hata alama moja. Mwenzangu mmoja aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia, "Niko tu." Kisha nikaanza kulia, bila sauti, bila sababu niliyoijua, na nikashindwa kuacha mpaka Wafula alipoitwa kunichukua.

Unajua walisema nini? Walisema, "Lakini wewe ndio mshauri." Mmoja baada ya mwingine, kana kwamba fundi wa viatu haruhusiwi kutembea peku. Mama mkwe alisema kwa simu kwamba ni watu wa nyumbani wamenifanyia kitu. Wafula, mume wangu ninayempenda, alisimama katikati ya sebule akasema, "Wewe unabeba shida za watoto wa wenyewe, na wako wanakula mkate na chai jioni." Alikuwa amechoka. Alikuwa akitoka kiwandani, anapika, anafua sare. Lakini nilikuwa nimelala nikisikia, na neno hilo liliniingia likakaa.

Muuguzi mmoja wa hospitali ya Kajiado, mama mwenye miwani ya kamba, ndiye aliyeuliza swali ambalo zahanati haikuniuliza katika duru mbili za sindano. "Unalala?" Nikasema hapana. "Tangu lini?" Nikajaribu kuhesabu, nikashindwa. Akaniandikia kikaratasi niende kliniki ya akili, ambayo huwa na siku zake maalum za wiki.

Nakuambia ukweli wa benchi lile, kwa sababu na wewe utalikalia. Kliniki ya akili na kliniki ya meno zilitumia ukumbi mmoja wa kungojea, milango miwili ikitazamana. Mimi nilikaa upande wa meno. Nilishika shavu. Kila aliyepita akinijua, na mwalimu anajulikana na nusu ya mji, nilikunja uso kidogo na kuonyesha jino. Mzazi mmoja wa shuleni kwetu alinihurumia sana, akanishauri nisukutue kwa maji ya chumvi. Jina langu lilipoitwa kutoka mlango wa pili, sikusimama. Likaitwa tena. Nikainuka nikiwa bado nimeshika shavu, nikavuka ukumbi hatua nne, na sijawahi kutembea safari ndefu kama ile. Miaka sita nilikuwa nikiwaambia wasichana kwamba kuomba msaada si aibu.

Daktari alinisikiliza, akasema ni sonona na kwamba inatibika. Pakiti ya kwanza ya dawa ilinipa kiu na kutetemeka mikono. Nilimwaga chai kila mara hata binti yangu Faith, mwenye miaka kumi, akaanza kunijazia kikombe nusu tu bila kuambiwa. Mvua za Aprili zilipita nikizisikia kwenye mabati. Pakiti ya pili ilinirudishia usingizi na kuninenepesha. Sketi zote zikakataa kufunga. Rose alinishonea mpira kiunoni, akaacha kusema habari za maziwa. Pakiti ya tatu niliianza Julai, baridi na mawingu mazito juu ya Kitengela, na siku moja nikagundua nimeamka, nimeoga, na ninachana nywele zilizobaki kabla mtu hajaniambia. Nilikuwa kwenye likizo ya ugonjwa muhula mzima. Nilianza kuamini kwamba nitarudi.

Ndipo Madam Wambui akaja kunitembelea.

Madam Wambui ni naibu wa mwalimu mkuu. Sitamfanya jini, ni mwanamke mwema, na katika walimu wote ndiye pekee aliyekuja kwangu zaidi ya mara moja. Alileta mkate, sukari, majani ya chai na ndizi za kumpa Rose. Alikaa, akaomba, akanywa chai, kisha uso wake ukang'aa.

"Madam, ulikosa siku ya maombi," alisema. "Mungu alishuka hapo shuleni, nakuambia. Hatujawahi kuona hivyo."

Kila mwaka, kabla ya mitihani, shule yetu huwa na siku ya maombi. Wazazi huja, mhubiri hualikwa, kalamu za watahiniwa huombewa. Mwaka huo, akasema, mhubiri mgeni hakuhubiri tu. Alifumba macho akaanza kutaja watu.

"Aliona mambo, Madam. Akasema hapa kuna msichana wa Form Two babake amehama nyumbani. Mtoto akatoka mbele analia. Akasema kuna mwingine anajikata mikono. Huyo pia akatoka. Halafu akanyamaza. Akasema, 'Naona maji. Naona mtoto mdogo ndani ya maji. Kuna msichana wa Form Three hapa, damu ya ndugu yake inalia kutoka kwa hayo maji. Kuja mbele usafishwe.' Wazazi waliguna wote. Na si Nasieku akasimama? Hakufika hata mbele. Alianguka hapo katikati ya viti. Tukajua ni nguvu ya Mungu."

Nasieku si jina lake. Alilichagua mwenyewe nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya, na jibu lake lilikuwa ujumbe mfupi wa simu: andika, lakini usijitetee. Anatoka Mashuuru. Alipokuwa na miaka tisa, wakati wa ukame, mama yake alikwenda kutafuta maji mbali akamwachia mdogo wake wa miaka mitatu. Nasieku alisinzia. Mtoto akatembea mpaka kwenye silanga, lile bwawa la kunyweshea mifugo lililokuwa limebaki na matope na maji ya kufika kiunoni kwa mtu mzima. Hakuna mtu nyumbani kwao aliyemlaumu kwa maneno. Pia hakuna aliyemwambia kwamba si kosa lake. Alibeba jambo hilo peke yake mpaka Kidato cha Pili, alipoingia stoo ya michezo na kuniuliza kama mtu anaweza kuwa muuaji akiwa amelala. Tulizungumza muhula baada ya muhula. Alikuwa ameanza kulala bila kuota. Shuleni kote, mtu mwingine pekee aliyejua habari ya yale maji alikuwa mimi.

Nikaweka kikombe chini. Nilimuuliza Madam Wambui, "Huyo mhubiri alijuaje?"

Alinitazama kwa mshangao wa mtu asiye na hatia. "Si nilimpatia mambo ya kuombea? Nilichukua daftari yako kwa kabati, Madam, nikakaa nayo wikendi mzima. Nikasema mwaka huu watoto waombewe kwa shida zao zenyewe, si haya maombi ya jumla. Majina sikumpatia, hapana. Niliweka Form peke yake." Akanishika goti. "Hata wewe nilikuweka. Akaombea walimu wenye roho ya huzuni."

Masikio yaliniwaka moto. Ilinichukua muda kutambua kile kitu, maana tulikuwa tumepotezana kwa miezi. Nilikuwa nimekasirika. Sikumpigia kelele, nilikuwa bado sina nguvu za kelele. Nilimwambia, "Wambui, yule mtoto alikuwa ananiamini mimi." Akasema, "Na Mungu je?" Akamaanisha hivyo kabisa. Alipoondoka Rose alisimama mlangoni, amesikia yote, akasema kitu kwa Kibukusu, lugha ya kwetu, ambacho siwezi kukiandika.

Nilimpigia mwalimu mkuu siku hiyohiyo. Alikuwa mpole. "Mwalimu, wewe ni mgonjwa, pumzika," alisema. "Huyo msichana tumempea ruhusa akae nyumbani kidogo, atatulia. Sasa ukianza kusema mambo yalitoka kwa daftari, unaaibisha mtumishi wa Mungu, unaaibisha shule. Wazazi walifurahi sana. Na hiyo daftari ni yako. Fikiria jina lako pia." Ile sentensi ya mwisho aliisema polepole zaidi.

Acha niruke mbele kidogo, nimalize hasira. Leo nimerudi darasani. Ushauri nasaha nimeukataa kwa barua, na nakala ninayo. Nimesema nitauchukua tena siku ambayo shule italeta mtu aliyesomea, chumba chenye mlango, na ufunguo unaokaa mfukoni mwa mtu mmoja. Nimejibiwa kwamba hakuna fungu la kazi hiyo. Fungu la hema la siku ya maombi lilikuwepo, na la viti, na la vipaza sauti. Sina neno na maombi; naomba kila asubuhi. Lakini tumewafungia watoto mia kadhaa katika ua mmoja, mbali na mama zao, wana vifo ndani yao, wana baba waliohama, wana mitihani inayoamua maisha, na kwa yote hayo tumewateulia mwanamke mmoja kwa sababu ana moyo wa huruma. Moyo wa huruma ukipasuka, tunauliza kwa nini mshauri hakujishauri. Kama wewe ni mwalimu na unatazamwa hivi sasa katika mkutano kwa sababu una sura ya upole, uliza kwanza utafundishwa na nani, na ukizidiwa utamwendea nani. Wakipiga makofi bila kujibu, usisimame.

Nirudi sasa nilipoachia: wiki ile ikapita, na nyingine. Niseme kwamba nilitaka kunyamaza. Nilijiambia mimi ni mgonjwa. Nilijiambia pengine kweli Nasieku alisaidika. Wafula alisema jambo la busara, au lililosikika hivyo: "Ukimwambia ni daftari yako, hatakuamini tena. Na hakuna msichana mwingine atakuamini. Hiyo itakurudisha kitandani, na mimi siwezi tena." Alisema mwisho wake akitazama ukuta, na niliona kwamba alikuwa anaogopa.

Kisha mama yake Nasieku akanipigia simu. Namba yangu alikuwa nayo tangu siku za karo na vikao vya wazazi. Kiswahili chake ni cha shida na Kimaa changu ni cha salamu, lakini tulielewana. "Mwalimu, huyu mtoto hapana kula. Siku ya nne sasa, ni chai tu, anarudisha. Naita yeye, hapana jibu. Anasema neno moja tu." Nikauliza ni neno gani. "Anasema Mungu ametaja yeye. Mbele ya watu. Anasema sasa ni kweli."

Sasa ni kweli. Niliketi na simu mkononi nikaelewa. Mimi nilidhani kidonda ni kuvuja kwa siri. Kwa Nasieku hakukuwa na siri iliyovuja, kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyeijua na hakuweza kufikiri kwamba ingetoka kwangu. Kwa hivyo ilitoka juu. Miezi yote ile nilimwambia si kosa lake, na Mungu mwenyewe amesimama kwenye kipaza sauti kunisahihisha.

Kulikuwa na njia moja tu ya kumwondolea hukumu hiyo, nayo ni kumpa mtu mwingine wa kulaumu. Nilimweleza Wafula. Hakubishana. Aliomba ruhusa kazini, akaazima gari la rafiki yake, na Jumamosi akanifungulia mlango wa mbele. Asubuhi hiyo mwili ulikataa. Faith alinivika viatu nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, akafunga kamba mafundo mawili mawili. Rose alitia uji kwenye chupa. Mama Sein alisalimu nikajibu mara ya kwanza.

Tulimkuta Nasieku nyuma ya nyumba yao, ameketi kwenye dumu lililolazwa, amevaa sweta ya shule na shuka kiunoni. Mifupa ya uso ilikuwa imetokeza. Mbuzi walikuwa wanatafuna pindo la shuka yake naye hawafukuzi. Mama yake alinipa kigoda akaondoka. Wafula alibaki kwenye gari.

"Nasieku," nikasema. "Nimekuja kukuambia kitu, na ukishanisikia unaweza kunifukuza. Yule mhubiri hakuambiwa na Mungu. Alisoma kwa karatasi. Na karatasi ilitoka kwa daftari yangu."

Niliendelea kwa sababu kama ningenyamaza nisingeanza tena. Nilimwambia kuhusu kabati, ufunguo, na wikendi ya Madam Wambui. Nilimwambia kwamba wale wengine waliotajwa pia walikuwa kwenye kurasa zilezile, na kwamba hata mimi nilitiwa kwenye karatasi ile.

Sauti yake ilipotoka ilikuwa kavu.

"Kwa hivyo Mungu hakusema ni mimi?"

"Hakusema."

"Alisema nini?"

"Sijui alisema nini, Nasieku. Lakini hayo ya maji niliandika mimi, kwa mkono wangu. Na hata mimi sikuandika eti ulimuua. Niliandika ulikuwa na miaka tisa na ulikuwa umechoka. Hayo ya damu, mhubiri aliongeza yake."

"Uliandika na jina langu?"

"Niliandika."

"Mimi nilikuambia wewe peke yako." Alinigeukia kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa na kitu ambacho nilikijua vizuri, maana nilikuwa nimekipata mwenyewe wiki chache tu zilizopita. "Wewe peke yako, Madam! Hata mathe sikuwahi kumshow. Na ukaandika kwa daftari kama hesabu ya mipira?"

Nilikuwa na majibu. Wakaguzi. Kanuni. Ugonjwa. Niliyameza yote. "Ndiyo," nikasema. "Nilikukosea."

Akainuka. Alimfukuza mbuzi mmoja kwa teke, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. "Enda tu nyumbani, Madam," alisema, na akanipa mgongo.

Nikaenda. Wafula aliniona nikija akawasha gari bila kuuliza. Tulikuwa hatujafika hata kwenye barabara ya Kajiado simu ilipolia. Alikuwa mama yake, anaongea haraka, nusu Kimaa nusu Kiswahili, na nyuma yake nilisikia sufuria ikigongwa na msichana akifoka kuhusu mtu fulani, mwalimu fulani, ambaye hataki hata kumwona tena. Nikamshukuru mama, nikakata.

Wafula alipunguza mwendo. "Amekusamehe?"

"Hapana," nikamwambia. "Ameomba chakula."